Mugo, Mogo au Mũgo? Tahajia ya jina la kiume na kinachopotea ndani yake

Wasomaji wa safu hii walioko Thika na Ruiru wana sifa moja niipendayo: hawapiti jina la mtu wala la mahali bila kulipekua. Swali walilonitumia mara nyingi zaidi siku za karibuni linahusu jina moja la kiume, fupi, lenye silabi mbili tu: Mugo. Mmoja anataka kujua maana yake. Mwingine anauliza kwa nini babake ni Mogo katika kadi ya ubatizo lakini ni Mugo katika kitambulisho. Wa tatu, ambaye ni mwalimu, anauliza kwa ukali kidogo iwapo magazeti ya Kiswahili yana haki ya kuliandika jina hilo bila vile viwimbi vya juu ya irabu. Nimekawia kujibu kwa kuwa maswali haya matatu ni swali moja, na jibu lake halitoshi katika ujumbe wa simu.

Tuanze na sauti. Kiswahili kina irabu tano, jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza analijua. Kikuyu kina saba. Mbili za ziada ndizo zinazoandikwa kwa kiwimbi: ĩ na ũ. Irabu ĩ iko baina ya i na e, na ũ iko baina ya u na o. Sikio la Mswahili, kwa kuwa halina chumba cha kuziweka, huzisukuma katika chumba kilicho karibu, nacho aghalabu ni e na o. Ndiyo maana Kĩmani akitamkwa na mwenyewe, wewe uliyelelewa Mombasa husikia kama "Kemani". Ngũgĩ husikika kama "Ngoge". Na Mũgo husikika kama "Mogo", ijapokuwa o hizo mbili si mamoja: ya kwanza imebanwa, ya pili imefunguka. Isitoshe, g ya Kikuyu si g ya gari bali inakaribia gh ya ghali. Kwa hivyo lau tungeamua kuliandika jina hili kwa herufi za Kiswahili sanifu, kama linavyosikika, tungepata "Mogho". Najua umecheka. Lakini hivyo ndivyo linavyotamkwa katika soko la Thika, na hakuna anayecheka huko.

Konsonanti nazo zina vitimbi vyake. Herufi th katika Kiswahili ni ya thamani na thelathini. Katika Kikuyu ni ya dhahabu na dhambi. Simama stejini Nairobi usikilize makanga akiita abiria wa barabara kuu ile: ukisikia vizuri, haiti "Thika" kama inavyosomwa na mtangazaji wa redio aliyesomea pwani. Anaita "Dhika, Dhika, Dhika!" Naye Ruiru hamtaji kwa u mbili za "sukuru". Anasema "Roiro". Si kwamba amekosea, bana. Ni sisi tunaosoma herufi zake kwa macho ya lugha nyingine.

Majina haya mawili ya miji yanastahili neno kabla sijarudi kwa Mugo, maana yanaonyesha jinsi tahajia inavyoweza kufungua au kufunga mlango wa maana. Ruiru, ikiandikwa kikamilifu, ni Rũirũ. Kiambishi rũ- ni cha ngeli ambamo neno rũũĩ, yaani mto, linapatikana, na mzizi -irũ unamaanisha -eusi. Maana yake imekaa wazi kabisa: mto mweusi. Jina la mtu Mũirũ lina mzizi uo huo. Thika ni kesi ngumu zaidi. Wengi wa wenyeji hukwambia kuwa jina linatokana na kitenzi gũthika, kuzika, na hapo hufuata simulizi kuhusu vita vya Wakikuyu na Wamaasai na wafu waliozikwa kando ya mto. Simulizi ni tamu, lakini sarufi inanifanya nisite. Shina "thika" likisimama peke yake katika Kikuyu ni amri: zika! Sioni mto ukiitwa kwa amri. Kwa Rũirũ nina kiambishi, nina ngeli, nina kivumishi. Kwa Thika nina mfanano wa sauti tu, na mfanano wa sauti si ushahidi.

Haya basi, Mugo.

Katika mji wa Thika kuna bustani iitwayo Mugumo Gardens, na jina lake linatokana na mti wa mũgumo, wa jamii ya mkuyu, uliokuwa hapo. Simulizi inayojulikana kote Kiambu na Murang'a ni kwamba mtabiri aliyeitwa Mugo wa Kibiru alisema utawala wa wageni ungeisha siku mti huo utakapoanguka. Inasemekana Waingereza waliposikia waliuzungushia mti chuma ili usianguke, na kwamba mwaka 1963, mwaka wa Madaraka na Uhuru, radi iliupasua. Mtabiri huyo huyo ndiye anayesemwa alitabiri wageni wenye nguo kama mbawa za vipepeo, wenye vijiti vitoavyo moto, na nyoka wa chuma atakayepita nchini. Nyoka huyo alifika Thika mwaka 1913, akipiga king'ora.

Kabla ya kuendelea nikomeshe kosa moja ambalo limeanza kuota mizizi. Nimesikia mara kadhaa, hata kutoka kwa watu wa kisomo, kwamba mtabiri aliitwa Mugo kwa sababu ya mũgumo, au mti uliitwa mũgumo kwa sababu ya Mugo. La hasha. Angalia irabu. Katika mũgumo, silabi ya pili ina u ya kawaida, ile ya "mguu". Katika Mũgo silabi hiyo ina o. Shina la kwanza ni -gumo, la pili ni -go. Kinachofanana ni mũ-, kiambishi ambacho kimebandikwa kwenye maelfu ya nomino, kama vile m- ya mti na mtu ilivyo yetu sote. Ondoa kiwimbi, andika "mugumo" na "Mugo", na macho yanadanganyika kwamba hawa ni ndugu.

Sasa maana. Mũgo, au kwa ukamilifu mũndũ mũgo, ni mganga: mtu anayepiga ramli, anayetibu, anayetakasa. Wingi wake ni andũ ago. Huyu ni tofauti na mũrathi, yaani mwenye kuona yajayo na kuyatangaza. Neno mũrathi ndilo lililozaa arathi, jina ambalo wafuasi wa dini ya Akũrinũ wamekuwa wakiitwa. Mtu wetu wa Thika anakumbukwa kwa kazi ya mũrathi lakini anaitwa kwa jina la mũgo. Kwa nini? Jibu linapatikana katika simulizi zenyewe, ambazo humtaja pia kwa jina jingine: Chege wa Kibiru, au Cege kwa tahajia ya Kikuyu, ambako c hufanya kazi tunayoipa ch. Hapa nina maoni yangu. Cege lilikuwa jina, na Mũgo kilikuwa cheo. Watu walimwita kwa kazi yake hadi kazi ikameza jina, kama tunavyofanya leo tunapomwita mtu Daktari au Mwalimu kwa miaka arubaini, na siku ya matanga yake ndiyo tunajua aliitwa nani.

Swali la tahajia linaanza kuuma tunapofungua vitabu. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alichapisha London kitabu Facing Mount Kenya, na humo anamsimulia mtabiri huyu. Anamwandika Mogo wa Kebiro. Tazama vizuri. Kenyatta hakuwa mtu wa kubahatisha sauti za lugha yake. Katika miaka hiyo alifanya kazi na mwanafonetiki Lilias Armstrong wa University College London, ambaye uchunguzi wake wa sauti na toni za Kikuyu ulichapishwa mwaka 1940 baada ya kifo chake, na sauti zilizochunguzwa humo ni za Kenyatta mwenyewe. Kwa hivyo anapoandika o mahali pa ũ, na e mahali pa ĩ, anajua anachofanya: anamsaidia msomaji asiyejua viwimbi ayatamke majina karibu na yalivyo. Kwa Mswahili, Mogo wa Kebiro ni tahajia bora kuliko zote. Isome jinsi ilivyo, na mzee wa Gatanga atakuelewa.

Lakini ina bei yake. Kwa kuwa o moja inabeba o na ũ pamoja, huwezi kujua irabu ya mwisho ya "Kebiro" ni ipi. Je, ni Kĩbiro au Kĩbirũ? Tahajia ya Kenyatta inakubali zote mbili.

Ruka hadi mwaka 1965. Kijana aliyekuwa akijiita James Ngugi anachapisha The River Between, riwaya ambayo Waswahili wameisoma kwa jina la Njia Panda. Humo mtabiri anaitwa Mugo wa Kibiro. Mimi tahajia hii hunishangaza kila nikiisoma, na ningependa nawe ushangae. Katika sehemu ya kwanza, u inasimama badala ya ũ: Mugo. Katika Kibiro, i ya kwanza inasimama badala ya ĩ. Hiyo ni kanuni ya kudondosha viwimbi na kubakisha herufi, ndiyo kanuni ya vitambulisho vyetu hadi leo. Kwa kanuni hiyo, ikiwa irabu ya mwisho ni ũ, mwandishi alipaswa kuandika Kibiru, kama wanavyoandika Thika. Yeye ameandika Kibiro. Kuna njia mbili za kulieleza hili. Ama yeye alisikia o iliyofunguka, na basi watu wa Thika ndio wanaokosea. Ama nusu ya jina ameiandika kwa kanuni yake, na nusu nyingine imetoka kwenye kitabu cha Kenyatta bila kubadilishwa. Mimi naegemea upande wa pili. Jina Mugo wa Kibiro linanukia mikono miwili, mmoja wa masimulizi ya nyumbani na mmoja wa maktaba. Na sasa tahajia hiyo mseto inanakiliwa na watahiniwa kana kwamba ndiyo asili.

Kuna jambo kubwa zaidi katika riwaya hiyo, ambalo msomaji asiyejua majina hupitwa nalo kabisa. Baba yake Waiyaki, mhusika mkuu, anaitwa Chege. Huyu Chege anamwambia mwanawe kwamba wao ni wa ukoo wa Mugo wa Kibiro, na kwamba kutoka ukoo huo atatoka mkombozi. Wahakiki wengi husoma kana kwamba hawa ni watu wawili tu, babu na kitukuu. Lakini ukikumbuka kwamba katika simulizi Chege na Mugo ni mtu mmoja, unaona alichokifanya mwandishi. Amempasua mtabiri vipande viwili. Kipande kinachoitwa kwa cheo, Mugo, amekipa utabiri na heshima, akakiweka mbali huko zamani ambako hakuna wa kubishana nacho. Kipande kinachoitwa kwa jina la kuzaliwa, Chege, amekipa mzigo: mzee anayerudia maneno yale yale ya onyo kuhusu Siriana, na watu hawamsikilizi. Cheo huheshimiwa baada ya mwenyewe kufa. Mwenye jina, akiwa hai, hupuuzwa. Kwangu mimi huu ndio uchungu wa kitabu hicho, na umefichwa katika majina mawili ya kiume ambayo tunayapita mbio tukikimbilia "dhamira" na "maudhui".

Miaka miwili baadaye, katika A Grain of Wheat ya 1967, mwandishi huyo huyo anampa mhusika wake mkuu jina Mugo, safari hii bila "wa Kibiro". Huyu ni yatima aliyelelewa na shangazi mlevi, mkulima mpweke asiyetaka makuu. Kijiji kinamfanya shujaa. Kinataka ahutubie siku ya Uhuru, Desemba 1963. Nasi wasomaji tunakuja kujua kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika. Andika jina lake Mũgo, ukijua mũgo ni nani, na kejeli inajitokeza yenyewe: watu wanamwendea mganga awasomee ramli, na mganga mwenyewe ndiye ugonjwa. Siku anapokiri hadharani ndiyo siku ya pekee anapofanya kazi ya jina lake, kwa maana kukiri kwake kunawatakasa wengine, mmoja baada ya mwingine. Andika Mugo, usome kama "mugo" isiyo na maana, na kejeli yote imekwenda na maji. Ndiyo maana siwaonei huruma wanaoniambia ati viwimbi ni mapambo.

Wanaobisha huniambia kwamba viwimbi vina usumbufu, kwamba kompyuta zinavikataa, na kwamba dunia nzima imeviacha. Hoja ya dunia nzima inanipeleka Korea, na nakwenda huko kwa miguu ya mchezaji ambaye mashabiki wa Manchester United wa Ruiru hawajamsahau: Park Ji-sung, aliyewachezea kuanzia 2005 hadi 2012. Ji-sung ni jina la kiume, nalo ni darasa zima la tahajia. Wakorea wana alfabeti yao, Hangul, iliyobuniwa mwaka 1443 chini ya Mfalme Sejong na kutangazwa 1446, na ndani yake jina hilo halina utata wowote wa matamshi. Utata unaanza linapovuka mpaka kuingia herufi za Kirumi. Sisi tunasoma "sung" kwa u ya sungura, na tunakosea. Sauti halisi iko karibu zaidi na o iliyofunguka, ile ya silabi ya pili ya Mũgo. Iliandikwa u kwa ajili ya Mwingereza, ambaye u yake katika maneno ya aina hiyo inakaribia sauti hiyo. Hata "Park" haina r yoyote katika Kikorea.

Katika mfumo wa McCune na Reischauer uliochapishwa mwaka 1939, irabu hiyo iliandikwa ŏ, yaani o yenye alama juu. Unaona? Walikuwa na kiwimbi chao. Mwaka 2000 serikali ya Korea Kusini ikaondoa alama hizo, na sababu moja ilikuwa usumbufu wa kuziandika kwenye kompyuta. Hadi hapa mbishi wangu anapiga makofi. Lakini subiri. Wakorea hawakudondosha alama wakaacha herufi tupu. Waliziba pengo: badala ya ŏ wakaweka eo, ili irabu mbili tofauti zisigeuke moja. Kwa mfumo huo mpya mchezaji wetu angekuwa Bak Jiseong. Sisi tuliondoa kiwimbi cha ũ tukaiacha u pale pale, imechanganyika na u nyingine. Wao walibadilisha vazi. Sisi tulivua nguo tukatoka hivyo hivyo. Na kuhusu majina ya watu, serikali yao haikumlazimisha yeyote: aliyezoea kuandikwa Park akabaki Park.

Upande wa maana nako tunatofautiana nao. Mkorea akitaka kujua maana ya Ji-sung, haulizi sauti. Anauliza ni herufi zipi za Kichina zilizoandikwa nyuma ya sauti hiyo. Kwa mchezaji huyo ni herufi ya hekima na herufi ya nyota. Mtoto mwingine mwenye jina lilo hilo, kwa sauti ile ile, anaweza kuwa na herufi nyingine na maana nyingine kabisa, kwa kuwa wazazi huteua. Mkikuyu hateui hivyo. Mwana wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na kadhalika. Mtoto wa Ruiru anaitwa Mũgo kwa sababu babu yake aliitwa Mũgo. Wazazi wake hawatarajii apige ramli. Neno lina maana katika kamusi. Jina lina ukoo. Ukiniuliza "Mũgo ni nini?" nitakujibu mganga. Ukimuuliza mama wa mtoto, atakwambia, "Ni jina la babake mume wangu," na jibu lake ni sahihi kuliko langu.

Kutoelewa jambo hili ndiko kunakozaa zile orodha za majina ya watoto zinazouzwa Marekani, ambamo Kamau ni "shujaa mkimya". Jameni! Shujaa katika Kikuyu ni njamba. Kunyamaza ni gũkira, ambayo nayo usiiandike kizembe, kwani gũkĩra, yenye kiwimbi katika silabi ya kati, ni kuzidi. Hakuna njamba wala gũkira ndani ya Kamau. Mtu alitaka maana, akapewa maana. Kamau ni jina la kurithiwa kama mengine. Ndilo alilokuwa nalo Kenyatta kabla hajawa Kenyatta, na ndilo ambalo nyanya yake Ngũgĩ alimpa mshairi Edward Brathwaite wa Barbados alipofika Limuru mwaka 1971, naye akalibeba hadi kwenye majalada ya vitabu vyake. Naamini mama yule mzee alimpa mgeni huyo kitu kikubwa kuliko "shujaa mkimya": alimpa nafasi katika ukoo.

Nirudi kwa msomaji wangu mwenye baba mwenye majina mawili, maana kwake suala hili si la kejeli ya riwaya. Jirani yangu mmoja alipitia jambo kama lake. Marehemu babake alikuwa Mogo katika karatasi za zamani, kwa sababu karani aliandika alichosikia, na Mugo katika zilizofuata, kwa sababu karani mwingine aliandika alichozoea kuona. Kila mmoja wao alikuwa na mantiki yake. Alipokwenda kufuatilia kipande cha ardhi cha familia katika ofisi moja, aliambiwa alete uthibitisho kwamba Mogo na Mugo ni mtu mmoja. Hati ya kiapo, wakili, nauli, njoo kesho. Afisa hakuwa Mkikuyu, na kwake o na u ni herufi mbili tofauti. Ungemweleza vipi kuhusu irabu ya saba ukiwa umesimama kwenye foleni?

Kwa hivyo ushauri wangu kwa mwenye jina aliye hai ni wa kizembe kidogo kiisimu lakini wa busara kimaisha: andika kila mahali kama ilivyo katika kitambulisho chako, herufi kwa herufi, na usimruhusu karani wala mwanaisimu akurekebishe. Nasi wa magazeti tukuandike hivyo hivyo. Kama Park alivyobaki Park, wewe ubaki Mugo, au Mogo, au hata Mugoh ukipenda h yako. Hiyo ni mali yako.

Lakini kwa marehemu wa historia, kwa wahusika wa fasihi, kwa mito na miti, sioni kisingizio. Simu nyingi mikononi mwetu zinakubali kibodi ya Kikuyu, na mitambo ya kuchapisha magazeti haijashindwa na ĩ wala ũ kwa miaka mingi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga Mei 2025, aliweka viwimbi vyake kwenye majalada ya Kiingereza mbele ya wachapishaji wa dunia nzima, na hakuna mtambo uliovunjika. Gazeti la Kiswahili linaloweza kuandika Müller likiripoti mechi ya Bayern linaweza kuandika Mũgo likiripoti kuhusu Thika. Mwalimu aliyeniuliza iwapo tuna haki ya kuviacha, jibu ni hapana. Tuna mazoea, na hayo mawili hayafanani.

Wengine watasema tufuate njia ya Kenyatta, tuandike Mogo wa Kebiro, kwa kuwa ndivyo Mswahili atakavyotamka vizuri. Njia hiyo inanivutia kuliko wanavyodhani wenzangu wa idara za lugha. Ila ingetubidi tubadilishe pia Kemani, Ngoge, Geteu na Roiro, na sidhani kuna mtu wa Ruiru atakayekubali kibao cha mji wake kiandikwe hivyo.

Imebaki ile irabu ya mwisho ya Kibiru. Mimi naandika Kĩbirũ, kwa kuwa Thika wanaandika Kibiru na kwa kuwa naiona Kibiro ya vitabuni kuwa mabaki ya tahajia ya 1938. Hoja hiyo ni ya karatasi, na sikio linaweza kuipindua. Msomaji wa Gatanga, Thika au Ruiru mwenye nyanya au guka aliyepita miaka themanini, nakuomba: usimwonyeshe maandishi. Mwache akusimulie habari za mtabiri, umrekodi kwa simu akilitaja jina lote, kisha unitumie sekunde hizo tatu.